Sahani za Ghorofa Tatu za Bi Nasriya

Shangazi yangu Bi Nasriya hajawahi kumrudishia mtu chombo kitupu. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa ilikuwaje hoteli ya nyota tano ikaja kumzika naye yu hai.

Ana miaka sabini na sita. Kazaliwa Mkunazini, Unguja, akaja Maskati akiwa bado msichana, na kwa miaka thelathini alikuwa opareta wa simu wizarani, akiwaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Sasa ni mjane, anakaa peke yake Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Dirisha la jikoni kwake linatazama duka moja ambamo gari jipya huzungushwa juu ya jukwaa mchana kutwa, na yeye hukanda unga akilitazama. Hana haja nalo. Anasema linampa mahali pa kuweka macho.

Na anapika. Kila Alkhamisi sahani zake hutoka kwenda mtaani, na kabla ya Alkhamisi nyingine zimesharudi zimebeba kitu. Jirani wa kulia hurudisha tende. Wa kushoto hurudisha mandazi mabaya ambayo Shangazi huyasifu sana. Mlinzi wa duka la magari hana jiko, kwa hiyo hurudisha bakuli likiwa na kalenda ndani. Shangazi anazo kalenda kumi na tisa za mwaka huu, na zote kazitundika, asije yule mlinzi akadhani moja imedharauliwa.

Mimi ni Maha, binti wa kaka yake. Ndimi dereva wake, mwonjaji wake na shahidi wake, kwa sababu sikuolewa na ukoo mzima unaamini mwanamke asiyeolewa hana la kufanya saa kumi za jioni. Nimelalamika mara nyingi na hakuna anayenisikiliza, basi naliandika hapa.

Mapema mwaka huu Shangazi aliweka karai la mafuta motoni, akaenda kupokea simu, na simu yenyewe ikawa na mambo. Aliporudi pazia lilikuwa linawaka. Zimamoto walikuja na magari mawili, wakauzima moto kwa dakika chache, na wakati wanajaza fomu yao Shangazi akawapa bajia zilizosalimika. Walikula. Mmoja alirudi kutoka garini kuuliza kama zimebaki.

Mwanawe Maan hakucheka. Maan ni mhandisi, na kazi yake ni kuhakikisha matangi ya mafuta hayaripuki, kwa hiyo jambo lile lilimgusa mara mbili. Nilimwona amesimama mbele ya ule ukuta mweusi wa jikoni. Akatoa uamuzi hapo hapo: Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao jiko litolewe, nyumba ifungwe, na mama ahamie kwake Al Khoudh, kwenye nyumba yenye mpishi, ambayo mlango wake wa jikoni hufunguliwa kwa namba ya siri. Namba yenyewe hakumpa.

Shangazi hakubisha mbele yake. Aliniambia mimi tu, tukiwa garini.

"Nikikaa nyumba nsiyopika, Maha, nani atajua kama nipo?"

Niliumia, nasema kweli. Nilijifanya natafuta pa kuegesha.

Ili kulainisha mambo, Maan akamnunulia mama yake chai ya alasiri ya Kiingereza katika hoteli kubwa iliyo ufukweni. Alitaka aonje raha ya kuandaliwa. "Nenda naye, Maha," aliniambia. "Wewe huna kazi."

Tukaenda. Ukumbi ule ulikuwa na zulia linalomeza miguu, na mwanamke mmoja pembeni akipiga kinubi macho kayafumba. Tukaletewa birika la fedha na saa ya mchanga, na mhudumu akatuonya tusimimine chai mpaka mchanga uishe wote. Shangazi aliipenda ile saa papo hapo. Aliigeuza mara tatu, chai ikazidi kuwa chungu.

Kisha zikaja sahani. Zilikuwa tatu, moja juu ya nyengine, zimeshikwa na nguzo ya fedha yenye kishikio juu. Ghorofa ya chini ilikuwa na mikate midogo, ya kati na skonzi ambazo si skonzi tunazozijua sisi, ya juu na keki ndogo ndogo. Shangazi alifunua mkate mmoja kwa ncha ya kidole.

"Wameumenya," alininong'oneza. "Na ndani wametia tango. Tango peke yake. Maskini, pengine siku zao si nzuri."

Lakini hakula. Mikono kaiweka mapajani, anatazama mlango. Nilimuuliza anangoja nini.

"Nnamngoja mwenye nyumba. Ntaanzaje kula kwa watu sijamwamkia mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba hoteli haina mwenyewe, ina kampuni. Akasema basi kampuni ije. Mhudumu akaenda, akakaa kidogo, akarudi na msimamizi wa ukumbi, bwana wa makamo aliyevaa tai, jina lake Mutasim. Nilijiandaa kuomba radhi. Yeye akainama kidogo na kusema, "Masalkheri, Bimkubwa. Karibuni sana," kwa Kiswahili kilichonyooka, maana kalelewa na bibi yake mzaa mama, mtu wa Pemba. Shangazi akamsukumia mkate wa tango aanze yeye. Kanuni za hoteli zinamkataza kula mbele ya wageni. Aliula amesimama, akitazama ukuta.

Baada ya hapo Shangazi alikula kidogo kwa adabu, akaacha kingi kwa adabu zaidi. Niliomba tupewe kisanduku cha kubebea. Visanduku vilikuwa vimemalizwa na harusi moja ya mchana. Nikasema basi mifuko. Shangazi akakataa, vya chumvi na vya sukari haviwezi kusafiri pamoja. Mutasim alitazama huku na huku, akafikiri, kisha akazivisha nailoni zile sahani zote, nguzo na kila kitu, akazibeba mwenyewe mpaka garini.

"Mtazileta kesho au keshokutwa, Bibi. Msijisumbue."

Angepaswa kujua nini kitafuata, mtu aliyelelewa na bibi wa Kipemba.

Kesho yake nilimkuta Shangazi jikoni toka alfajiri. Kitu cha watu kiko mezani, na hakiwezi kurudi hivi hivi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku moja jiko litolewe, na Maan alikuwa amempigia simu asubuhi ile ile kumkumbusha asiwashe moto. Basi mimi nikasimama mbele ya karai na yeye akanisimamia mimi. Ghorofa ya chini tulijaza sambusa na katlesi, ya kati vitumbua, ya juu visheti.

Mlangoni mwa hoteli walinzi walizipitisha sahani kwenye mashine ya kukagulia mizigo. Niliona kwenye kioo chao safu tatu za sambusa, visheti na vitumbua zikipita kama mifupa, na mlinzi akaita mwenzake aje atazame. Mutasim alipokuja alishika kichwa. Chakula cha nje hakiruhusiwi kuingia hotelini bila fomu. Fomu iliuliza jina la kiwanda. Shangazi akaandika jina lake.

Jambo lile lingekomea hapo kama hoteli isingekuwa na adabu zake. Lakini meneja mkuu, Mwingereza mmoja mrefu mwenye masikio mekundu, alionja kitumbua, akaonja cha pili, kisha akafungua kitabu chao cha taratibu. Humo imeandikwa kwamba zawadi ya mgeni ijibiwe ndani ya siku mbili kwa zawadi isiyopungua hadhi yake. Kwa hiyo siku ya pili gari jeupe la hoteli lilisimama Wattaya, dereva mwenye glovu akashuka na zile zile sahani za ghorofa tatu, zimejaa keki za rangi ya waridi. Shangazi alizipokea, akashukuru, akafunga mlango, akaloweka mchele.

Hapo ndipo sheria mbili zilipokutana, ya hoteli na ya Mkunazini, na zote mbili hazikuwa na mlango wa kutokea. Tulipeleka katlesi na mikate ya kumimina, zikaja skonzi na jemu ya aina tano. Tulipeleka halua, ikaja keki yenye jina la Shangazi kwa maandishi ya dhahabu. Safari ya nne alijaza pilau ghorofa ya chini, kuku wa kupaka ya kati, na achari ya ndimu juu. Niliendesha kutoka Wattaya mpaka ufukweni kwa mwendo wa maiti, na kwenye kila mzunguko Shangazi alinishika bega na kuniambia nipunguze. Mutasim alituambia wapishi wa hoteli sasa wanagombea zamu ya siku yetu. Sijapata kumwona Shangazi ana furaha vile tangu mumewe alipokufa.

Maan aligundua kwa harufu. Alikuja na maboksi ya kuhamia, akasimama ukumbini, akavuta pumzi, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini nna chombo cha watu ndani, na siwezi kuhama nnacho. Kikirudi kisije tena, njoo uchukue jiko lako."

"Basi kirudi leo. Kitupu."

"Kitupu?" Alimtazama mpaka Maan akainamisha kichwa.

Yeye mwenyewe anajua. Kalelewa kwa sahani zile zile. Aliketi, akageuza kalenda moja, akachora mchoro nyuma yake: boksi la mama, boksi la hoteli, mshale wa kwenda, mshale wa kurudi. Aliutazama muda mrefu kwa jicho lake la kazini, akitafuta valvu ya kuufunga mzunguko ule. Nilimwona alipoipata, na kosa langu ni kwamba sikusema kitu.

Gari langu lilikuwa gereji, mtaa wa Ghala, linangojea kioo, kwa hiyo Alkhamisi ile sikwenda Wattaya. Hoteli ilikuwa imeleta zamu yake asubuhi. Maan alipitia kwa mama yake jioni wakati Shangazi anasali, akakihamishia chakula chote kwenye sinia, akaziosha sahani za hoteli, akazikausha vizuri, akazipeleka. Mutasim alizipokea mlangoni. Maan aliona haya. Aliinamisha macho, akasema, "Tunakushukuruni kwa yote mliyomfanyia mama," akarudi garini haraka.

Niseme hapa jambo ambalo kwa watu wetu halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Chombo kinarudi kitupu kwa mambo mawili tu. Ama watu wamegombana, ama kwenye nyumba ile kuna msiba na moto haukuwashwa.

Ijumaa asubuhi Shangazi alinipigia simu kwa laini ya jirani, maana laini yake mwenyewe Maan alikuwa ameshaikata, tayari kwa kuhama. Nilikwenda kwa teksi, njiani nikampigia Maan akanieleza. Alikuwa ameketi jikoni mbele ya mahali pale patupu mezani.

"Kazirudisha na nini?" aliniuliza.

"Kaziosha, Shangazi."

"Kaziosha," alisema, akaifuta meza pale patupu kwa kiganja.

Nilimpa simu yangu awapigie hoteli aeleze. Ilijibu sauti ya mashine, ikamtaka abonyeze moja, abonyeze nne, asubiri. Alisubiri dakika ishirini, mgongo kaunyoosha, kisha akanirudishia simu.

"Mie watu nlikuwa siwasubirishi hivi," alisema. "Watadhani nimewakata. Watasema Nasriya kala, kashiba, katugeuzia mgongo."

Maan alikuja usiku. Shangazi alimwekea chakula bila hasira, akakaa upande wa pili wa meza, akatazama mikono yake mwenyewe. Maan alikula vijiko vitatu akashindwa.

Jumamosi asubuhi wapagazi walifika. Viti vyote vilitolewa uani vikapangwa safu, mazulia yakakunjwa, milango ikaachwa wazi. Ndugu watano walikuja kusaidia, wakasimama kando ya gari wamekunja mikono, kwa sababu hakuna aliyeipenda kazi ile. Hata mimi nilipofika, kwa sekunde moja nikajiuliza nani kafa.

Saa nne gari la hoteli likaingia mtaani, na nyuma yake jengine. Akashuka Mutasim, leo hana tai, kavaa kanzu nyeupe na kilemba. Akashuka meneja mkuu kwa suti nyeusi, masikio mekundu kuliko siku zote. Wakashuka wapishi wawili na kofia zao ndefu wamezishika kifuani, na nyuma yao wahudumu wakibeba sinia zilizofunikwa, moja baada ya nyengine. Yule mwanamke wa kinubi pia alikuja. Kinubi alikiacha.

Meneja alimwendea Maan moja kwa moja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kusema maneno ya rambirambi aliyofundishwa njia nzima: "Adhama Allahu ajrakum."

Na Maan, kwa mazoea ya miaka arubaini na nane, akamjibu, "Ajrana wa ajrakum." Akapeana mkono na wapishi wote wawili na wahudumu wanne kabla hajafikiria kuuliza ni kwa ajili ya nani.

Wakati huo huo wapagazi wawili walikuwa wanalitoa jiko. Lilikuwa limekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nyuma yake akatokea Shangazi na ungo wa mchele mkononi, hana pa kupitia.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mutasim alimtazama, akaketi juu ya boksi lililoandikwa VIKOMBE. Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake, na hakujificha.

"Wewe, Bibi," alisema. "Chombo kilirudi kitupu. Kakileta mwanao, kainamisha kichwa. Nikapiga simu jana kutwa, haiiti. Ningefikiri nini?"

Shangazi hakucheka, ingawa sisi wengine tulishaanza. Alikitazama kile kiti cha kwanza cha safu, ambacho angekalia Maan siku yenyewe ikifika. Aliwatazama wale Wazungu na Wafilipino na Wahindi waliovaa nguo zao nzuri kwa ajili yake. Kisha akamtazama mwanawe juu ya jiko.

"Hawakukosea sana, Maan. Jiko lenyewe si hilo linatoka?"

Maan alikuja akasimama upande wa pili wa jiko. Alikuwa karibu naye kabisa, na bado hakuweza kumfikia.

"Mama, mimi niliogopa. Nikiwa ofisini simu ikiita, najua ni moto. Kila simu. Naogopa nitakuja nikukute umeungua."

"Najua, mwanangu. Na mie naogopa kukaa nyumba ambayo hakuna mtu anayeingojea sahani yangu. Wewe unaogopa ntakufa, mie naogopa ntakuwa nshakufa na wewe hukujua."

Maan alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Halafu aliwaambia wapagazi wapishe, akaliinamia jiko, akalisukuma mwenyewe kurudi ndani. Halikupita vizuri, likakwaruza fremu ya mlango, na alama ipo mpaka leo.

Tulikula msiba wa Shangazi uani, kwenye vile vile viti. Kulikuwa na skonzi, keki, na mikate iliyomenywa. Yeye alikula mitatu ya tango mmoja baada ya mwengine na akasema leo wamejitahidi. Meneja alimuomba radhi mara saba kwa kumzika. Walipotaka kuondoka Shangazi alihesabu vyombo: sinia kumi na zile sahani za ghorofa, jumla kumi na moja, na wahudumu walipojaribu kuvichukua aliwaambia waviwache.

"Vitakuja vyenyewe," alisema.

Katika vyombo vile kulikuwa na ile saa ya mchanga. Mutasim aliitia ndani kwa sababu alikumbuka vile Shangazi alivyoigeuza, na aliona inafaa kuwekwa karibu na picha ya marehemu.

Sasa makubaliano ni kwamba Shangazi hakaangi peke yake. Alkhamisi Maan hutoka kazini mapema, huja Wattaya, hufunga aproni juu ya kanzu na kusimama mbele ya karai akiwa na ile saa. Mchanga ukiisha anasema, "Mama, toa," na Shangazi anasema bado, kwa kunusa tu, na kila mara pua ndiyo inayosema kweli.

Alkhamisi iliyopita simu iliita. Shangazi akaenda kupokea, na simu ile nayo ikawa na mambo. Mchanga uliisha. Maan akangoja. Mafuta yakaanza kutoa moshi, na kutoka ukumbini tulimsikia Shangazi anacheka na mtu wake wa simu, hana khabari na jiko wala vitumbua. Maan alizima moto. Alivitoa vitumbua kimoja kimoja, akaigeuza saa upya kama vile mchanga haukuisha, akaiweka mahali pake.

Shangazi aliporudi alilitazama jiko, akaitazama saa, akamtazama mwanawe. Maan alikuwa anatazama dirishani, kwenye gari linalozunguka. Shangazi akachukua sahani ya hoteli, akaanza kupanga ghorofa ya chini.